ELIMU KWA WANANCHI: KUNATA KWA MAFUTA CHINI YA MAJI NA NJIA ZA KUKUZUIA

Ifahamike kwamba mafuta yanapomwagika baharini si yote yanayobaki yakielea. Mawimbi huyavunja yakawa matone, na matone hayo huzama na kupanda, yakigusa mawe, nyavu, mizizi ya mikoko na mbavu za vyombo. Tone linalogusa na kupita hudhuru kidogo kuliko linalogusa na kunata. Hivyo basi, inafaa kujua ni nini kinacholinatisha tone, na ni kwa njia gani jambo hilo linadhibitiwa.

Chanzo cha kunata

Maji na mafuta hugombania kila uso, na mara nyingi kilichotangulia ndicho kinachokaa. Mwaka 1805, mtaalamu wa Uingereza Thomas Young alieleza kuwa umbo la tone juu ya kitu hutegemea mivutano baina ya pande tatu: kitu chenyewe, tone, na kile kinachozunguka tone. Jiwe safi lililokwisha kurowa hubaki na utando mwembamba wa maji. Tone la mafuta likifika huwa duara kama ushanga, likateleza. Uso mkavu, au wenye asili ya nta au plastiki, huyapokea mafuta yakatandaa.

Mafundi wa vyombo wa mwambao waliitumia kanuni hii tangu zamani. Mbao hupakwa sifa zikiwa kavu, ili mafuta yatangulie na maji yakose nafasi. Kinga dhidi ya mafuta ni kinyume chake: maji ndiyo yatangulizwe.

Funzo la samaki na udongo

Mwaka 2009, wataalamu wa China, Lei Jiang akiwa miongoni mwao, walionesha kuwa gamba la samaki hupenda maji na lina vinundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vinundu hivyo hushikilia maji, na tone la mafuta hukosa pa kushika. Baadaye vilitengenezwa vitu laini vya utelezi vinavyobadilika kwa joto. Chini ya nyuzi 32 hivi za Sentigredi huvimba kwa maji na mafuta hayanati. Juu ya kiwango hicho hunywea, na mafuta yakanata. Aidha, wavu wa chuma uliopakwa utelezi wa aina hiyo hupitisha maji na kuyazuia mafuta.

Kadhalika, baada ya meli Exxon Valdez kumwaga mafuta huko Alaska mwaka 1989, ilibainika kuwa chembe laini za udongo baharini huyavika matone, yakashindwa kushika mawe. Huko huko, maji ya moto yaliyorushwa kwa nguvu yaliondoa mafuta, lakini yaliua viumbe vingi vya pwani.

Yaliyotokea Morisi

Tarehe 25 Julai 2020, meli Wakashio ilikwama kwenye mwamba wa Morisi, na takriban tani 1,000 za mafuta zikavuja, zikafika kwenye mikoko. Wananchi walishona mifuko mirefu na kuijaza majani makavu ya miwa, ambayo huyanasa mafuta. Hapo kunata kulitumiwa kwa faida: mafuta yalipewa pa kushika kabla ya kuifikia mizizi.

Mambo ya kuzingatia

(a) Nyavu, kamba na madema yaondolewe njiani kabla mafuta hayajafika, hasa vya plastiki.

(b) Sabuni isimwagwe pwani. Katika ajali ya Torrey Canyon huko Cornwall, Uingereza, mwaka 1967, sabuni zilidhuru viumbe kuliko mafuta yenyewe.

(c) Mawe yanayosafishwa yamiminiwe maji ya bahari kwa wingi bila kishindo, ili mafuta yaliyobanduka yasinate tena.

(d) Matope ya mikoko yasikanyagwe. Miguu huyashindilia mafuta chini.

(e) Maji kupwa huyaacha mafuta juu ya mizizi na mawe. Kwa hiyo, kazi ya kuyazuia ifanywe kabla maji hayajaanza kutoka.

(f) Oili chafu ya mashine isimwagwe kutoka ngamani. Iwekwe kwenye debe na kupelekwa nchi kavu.

Mwenye kuona mafuta baharini atoe taarifa mara moja kwa sheha au bandarini. Saa za mwanzo, kabla mafuta hayajagusa pwani, ndizo zenye manufaa makubwa.