Mkokoteni na Msuguano

Mkokoteni uliojaa magunia, ukiwa umesimama mahali pa tambarare, hauondoki kwa nguvu kidogo. Hamali hukaza miguu, husukuma, nao bado umetulia. Ukisha kuanza kwenda, mtu yule yule huusukuma huku akizungumza na mwenziwe. Sababu yake ni msuguano, yaani ile nguvu ya kuzuiana iliyo kati ya vitu vinavyogusana. Msuguano wa kitu kilichotulia ni mkubwa kuliko wa kitu kiendacho.

Watu wengi hudhani ya kwamba kitu husimama kwa sababu nguvu iliyokisukuma imekwisha. Hata Aristotle, Myunani wa kale, alifundisha hivyo. Lakini Isaac Newton, Mwingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alieleza ya kuwa kitu kiendacho huendelea na mwendo wake mpaka nguvu nyingine ikizuie. Basi mkokoteni hausimami wenyewe, husimamishwa.

Hamali ateremkaye kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, hali umati wa watu uko mbele yake, hana haja ya kufundishwa hayo. Magurudumu yaliyompunguzia kazi penye tambarare sasa ni hatari kwake. Kwa mfano, mkokoteni na shehena yake ukiwa kilo 400, na njia ikishuka meta 1 katika kila meta 10, uzito huuvuta kuelekea chini kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Msuguano wa magurudumu huzuia kilo 6 tu. Zimebaki kilo 34, na mkokoteni huzidi mbio kila hatua.

Kwa ajili hiyo mikokoteni mingi hufungwa kipande cha mpira wa gari kwa nyuma. Hamali huinua mikono ya mbele, na mpira hukandamiza njia. Ukikandamiza kwa uzito wa kilo 80 juu ya lami kavu, msuguano waweza kupata kilo 48, na mkokoteni hupunguza mwendo. Penye maji na mafuta labda hupata kilo 24 tu. Hapo mkokoteni haushikiki, japo hamali awe na nguvu namna gani.

Lakini shehena hiyo ikigawanywa safari mbili, mvuto wa kila safari, ukiondoa msuguano wa magurudumu, huwa kilo 17. Mpira ule ule, juu ya njia ile ile yenye utelezi, huutosha.