Umeme kwenye kitambaa: nani anaipa alama maana?

Tuanze na neno la Kijapani inazuma, yaani umeme wa radi. Lina sehemu mbili: ina, mpunga, na tsuma, neno ambalo zamani liliweza kumtaja mume au mke. Watu waliamini kwamba umeme ndio unaoupa mpunga punje, ndiyo maana ukaitwa mwenzi wake. Katika vitambaa vya Japani umeme huchorwa kwa mistari yenye kona kali. Mgeni huona hatari. Anayelijua neno huona mavuno. Theluji nayo ni dalili ya mwaka wa neema, na huchorwa hata kwenye nguo za wakati wa joto ili mvaaji ahisi ubaridi.

Je, kwetu Kisangani, ambako mvua hunyesha mwaka mzima, matone kwenye kitenge yanasema nini? Nilichukua kitenge cha zamani cha mama, cha buluu chenye matone meupe. Katika daftari nilikuwa nimekwisha kuandika: matone, mvua, baraka. Mama akacheka.

"Hiyo si mvua, mwanangu. Ni machozi. Nilikivaa kwenye matanga ya nyanya yako."

Sokoni, muuzaji mmoja alikitazama akasema ni mbegu za maboga.

Kitambaa kimoja, maana tatu. Ferdinand de Saussure alitufundisha kwamba uhusiano wa alama na maana hutokana na mapatano ya jamii. Kwa inazuma, mapatano yamehifadhiwa ndani ya neno lenyewe. Kwa kanga ya pwani, yamechapwa: kanga ina pindo, mji na jina. Jina likiwa "Dalili ya mvua ni mawingu", mchoro waweza kuwa korosho tupu, lakini jirani aliyekusudiwa atajua kwamba anaonywa. Kitenge cha mama hakina maandishi. Maana yake imo kinywani mwa aliyekivaa.

Kwa hiyo nimeufuta mstari wangu. Sisi tunaokusanya data tusiandike "alama hii inamaanisha" bila kuongeza: kwa nani, katika tukio gani, kwa lugha ipi. Nimeanza upya na sanduku la mama, kitenge kwa kitenge, yeye akisimulia. Asiposimulia sasa, kesho nitabaki na matone tu, na mwingine atayaandika kuwa mvua.