Tuhesabu gharama ya mabawa

Luka 14:28 inatufundisha kuketi na kuhesabu gharama mbele ya kujenga mnara. Leo tuhesabu mabawa ya ndege ndogo ambayo mtu anajijengea mwenyewe.

Kiwanda Van's Aircraft cha Oregon, Marekani, kinauzisha mabawa kwa namna mbili:

1. Vipande. Mnunuzi anapata mabati ya aluminyo, anayaunga mwenyewe kwa riveti maelfu. Bei iko chini, kazi ni nyingi.

2. Yaliyoungwa nusu. Kazi kubwa imekwisha kufanyika. Bei iko juu, na sanduku lake kubwa linaongeza malipo ya safari.

Namna gani kuchagua? Mfano (ni hesabu tu, si bei ya kiwanda): vipande dola 12.000, yaliyoungwa 22.000, safari inazidi kwa 1.000, masaa yanayopunguka 500.

11.000 ÷ 500 = 22

Ni kusema, kila saa unainunua dola 22. Kama saa yako inalipwa dola 5, chukua vipande.

Tena, bei haingoji mtu. Desemba 2023 kiwanda hicho kiliomba ulinzi wa korti juu ya madeni, na bei ya vifaa ikapanda kwa wastani karibu 32%. Hata waliokwisha kuagiza walitakiwa kukubali bei mpya. Katika mfano wetu, 12.000 inakuwa 15.840. Wajenzi wengi wanaanza na mkia. Mwenye kukosa hizo 3.840 anabaki na mkia bila mabawa. Basi, akiba ya mabawa iwe tayari mbele ya kununua mkia.

Zoezi: Masaa yakipunguka 250 tu, saa moja ni dola ngapi?