Mfupa Mfu Haunywi Dawa

Mama alitoa kiberiti kwenye mkoba, akakifungua juu ya meza ya daktari. Ndani hamkuwa na njiti. Mlikuwa na kipande cha mfupa, cheupe, chenye makali upande mmoja kama kigae, urefu wake haufiki pingili ya kidole. Kilitoka chenyewe kwenye muundi wa mwanawe wa miaka 9, asubuhi moja alipokuwa akimsafisha kidonda. Kabla ya hapo vilishatoka viwili vidogo, akavitupa. Kidonda kilikuwa na umri wa mwaka na miezi. Mtaani walikiita donda ndugu. Kilishapakwa, kikafukizwa, kikamezewa vidonge vya kila rangi. Kila mara kilifunga wiki tatu, nne, halafu kikavimba na kupasuka upya.

Alikitoa kiberiti kwa aibu, kana kwamba angechekwa. Kumbe alikuwa amebeba kipimo bora kuliko karatasi zote zilizokuwa kwenye faili la mtoto. Mfupa unaojitokeza wenyewe kidondani ni mfupa uliokufa, na maadamu kilichokufa bado kimo ndani, kidonda hakiponi. Hilo natamani kila nyumba yenye donda lisilofunga ilijue kabla ya kununua dozi nyingine.

Maambukizi ya mfupa, ambayo hospitalini huitwa osteomaelitisi, mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye stafilokokasi, mkazi wa kawaida wa ngozi na pua zetu. Kwa mtoto hupitia kwenye mchubuko au kijipu, akaingia kwenye damu, akatua karibu na ncha za mifupa mirefu, hasa kuzunguka goti, mahali ambapo mishipa midogo hujikunja na damu hupunguza mwendo. Usaha ukijikusanya chini ya ngozi, ngozi hutanuka. Mfupa hautanuki. Usaha huibana mishipa kwa ndani, hupenya nje na kuuinua utando unaoulisha mfupa, na kipande kilichokosa damu pande zote mbili hufia palepale. Dawa husafiri kwa damu. Pasipofika damu, dawa haifiki, iwe ya kumeza au ya mshipa.

Mwili nao haukai kimya. Hujenga mfupa mpya kuuzunguka ule mfu, kama ganda linavyozunguka kokwa, ukabakiza matundu ya kutolea usaha. Juu ya kokwa hilo bakteria hujibandika na kujifunika utando wao. Ukitaka kuujua utando huo ulivyo, pitisha kidole ndani ya pipa la maji lililokaa muda mrefu: ule utelezi hautoki kwa kusuuza, mpaka usugue.

Siku za mwanzo

Ugonjwa huu ukiwa mchanga hutibika vizuri. Tatizo ni kwamba huja na sura ya teguko. Mtoto ameamka anachechemea, hataki kukanyaga, mguu una joto chini kidogo ya goti. Kila mtu nyumbani anakumbuka kwamba juzi alianguka kwenye mwembe, maana mtoto wa umri huo hakosi kuanguka mahali. Basi anapelekwa kuchuliwa. Sina ugomvi na wachuaji. Mikono yao imewafaa wengi waliokakamaa misuli. Lakini teguko halileti homa kali. Homa pamoja na maumivu ya mfupa sehemu moja, na mtoto anayeruka ukimbonyeza hapo kwa kidole kimoja, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Mguu huo usichuliwe wala usikandwe kwa maji ya moto.

Mkifika, jueni kwamba picha ya eksirei inaweza kutoka safi kabisa. Mabadiliko ya mfupa kwa kawaida huchukua siku 10 hadi 14 kuonekana, kwa hiyo picha safi ya wiki ya kwanza haijasema lolote, na mzazi aliyeambiwa "picha haina kitu" ana haki ya kuuliza itarudiwa lini. Daktari ataangalia vipimo vya damu vinavyoonyesha kama mwili unapambana na maambukizi, yaani CRP na ESR. Ataomba altrasaundi kuona kama kuna usaha umejikusanya kando ya mfupa. Pale ilipo mashine ya MRI ataitumia, kwa kuwa huuona ugonjwa siku chache tu baada ya kuanza. Damu ya kuotesha bakteria ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza ya antibayotiki, ila mtoto aliyezidiwa asicheleweshewe dawa kwa kungoja kipimo. Aliyewahiwa hivi hupata dawa ya mshipa kwa siku chache, kisha ya kumeza, jumla wiki tatu hadi nne, na wengi hawaingii kabisa chumba cha upasuaji. Usaha ukiwepo, hutolewa.

Wenye selimundu wana mtego wao. Maumivu yao ya kawaida hutokana na damu kukwama ndani ya mfupa, nayo yanaweza kuja na homa na uvimbe uleule, tena hutokea mara nyingi zaidi kuliko maambukizi. Kinachosaidia kutofautisha ni mwenendo: maumivu yamebaki sehemu moja, homa haishuki, mgonjwa anazidi kudhoofu licha ya maji na dawa za maumivu. Watajieni wahudumu selimundu mapema. Kwa wagonjwa hawa bakteria wa salmonela, wa ukoo mmoja na yule wa homa ya matumbo, huingia mifupani mara kwa mara, na dawa ya stafilokokasi peke yake inaweza isimguse.

Barabarani

Kwa watu wazima mlango mkubwa ni ajali, na kwetu hiyo maana yake ni bodaboda. Mfupa wa muundi hauna nyama mbele. Pikipiki ikiulalia, hupasua ngozi na mfupa kwa pamoja, na mchanga wa barabarani ukaingia. Tangu hapo saa zinahesabiwa: antibayotiki ya mshipa mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa moja, kinga ya pepopunda, kisha kuoshwa na kukatwa nyama iliyokufa ndani ya saa 24. Mfupa nao usikae wazi, ufunikwe kwa nyama na ngozi hai ndani ya siku chache. Msamaria aliyeko njiani ana kazi mbili baada ya kuzuia damu: kufunika kidonda kwa kitambaa safi kilicholowanishwa maji safi, na kuufunga mguu kwenye ubao usichezecheze. Majivu, kahawa, mafuta ya taa na dawa ya meno vibaki vilikokuwa. Mfupa uliochomoza usiusukume ndani.

Kisha huwekwa chuma, na miezi miwili baadaye mshono unaanza kutoa maji. Watu husema mwili umekataa chuma. Mara nyingi mwili haujakataa kitu. Bakteria ndio wamekikubali, maana juu ya chuma utando wao hushika kama ulivyoshika juu ya mfupa mfu. Rudi kwa aliyekupasua, tena haraka. Chuma kilicholegea hutolewa. Kilichokaza, kama mfupa haujaunga, huenda kikaachwa makusudi huku maambukizi yakishikiliwa kwa kusafishwa na kwa dawa, kwa sababu mfupa unaocheza hauponi maambukizi wala hauungi. Mgonjwa asiyeelezwa hilo hudhani ametelekezwa.

Mwenye kisukari ana habari yake. Ganzi ya miguu humnyima maumivu, hivyo kidonda cha kidole kinaweza kufika mfupani bila yeye kujua. Kuna kipimo cha zamani, cha bei ndogo: mhudumu huingiza kijiti safi cha chuma kidondani taratibu, na kikigonga kitu kigumu, mfupa unashukiwa sana. Kisifanywe nyumbani kwa njiti ya kiberiti. Na mgongo unaouma miezi, usiku hata ukipumzika, ukiambatana na kukonda na kutoka jasho, hasa ukianza kujikunja nundu, utafutiwe kifua kikuu hata kama hukohoi. Miguu ikianza kukosa nguvu au haja ndogo kukataa, usingoje kliniki ya wiki ijayo.

Kijiti cha pamba hakitoshi

Turudi kwa donda la muda mrefu, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mgonjwa hufika, mtu hupangusa usaha wa juu kwa kijiti chenye pamba, maabara huotesha, jibu linatoka na jina la bakteria na orodha ya dawa. Karatasi inavutia. Lakini tundu la ngozini limekaliwa na bakteria wa kila aina, na anayeonekana juu mara nyingi siye anayeishi ndani. Sampuli ya kuaminika ni ya mfupa wenyewe, inayochukuliwa kwa sindano maalumu au wakati wa upasuaji, vipande kadhaa kutoka sehemu tofauti, kila kimoja kwa kifaa chake kisafi. Kimoja kiende kwenye darubini, si kwenye uoteshaji tu: huko ndiko huonekana kifua kikuu na saratani, magonjwa mawili yanayopenda kujificha nyuma ya jina la donda ndugu. Kwa kifua kikuu kipo pia kipimo cha GeneXpert, ambacho hutoa jibu kwa saa chache.

Kama mgonjwa hana homa na hali yake ni tulivu, daktari anaweza kuagiza antibayotiki zisimame wiki mbili hivi kabla ya sampuli, bakteria wapate kuota. Ni uamuzi wa daktari. Usiache dawa mwenyewe. Na useme kweli kuhusu vidonge ulivyonunua dukani. Sampuli iliyochukuliwa wakati siprofloksasini ya juzi bado imo mwilini inaweza kutoka "hakuna bakteria", na hapo wote mmepotezwa njia.

Upasuaji unaotibu una hatua zake. Mfupa mfu unatolewa, na mpasuaji hukwangua mpaka mfupa unaobaki uonyeshe vitone vya damu, ishara kwamba uko hai. Shimo lililobaki hujazwa, labda kwa msuli uliogeuziwa hapo, labda kwa saruji ya mifupa iliyochanganywa na jentamaisini, dawa ikamwagika palepale inapohitajika. Kwa watoto kuna jambo linalowaudhi wazazi: mpasuaji anaweza kuona mfupa mfu waziwazi pichani na bado akasema tungoje miezi. Hakwepi kazi. Anangoja lile ganda la mfupa mpya likomae liweze kubeba uzito, kwa sababu kokwa likitolewa mapema mguu huvunjika, na pengo lake ni gumu kuliko ugonjwa.

Pengo likiwepo, ipo njia ya Gavriil Ilizarov, daktari aliyefanya kazi Kurgan, Siberia: pete za chuma nje ya mguu, zilizounganishwa na mfupa kwa nyaya nyembamba. Mfupa wenye afya hukatwa, na kipande chake husogezwa milimita 1 kwa siku, robo robo mara nne, huku mfupa mpya ukijitunga nyuma yake. Pengo la sentimita 6 ni siku 60 za kusogeza, na baada ya hapo miezi mingine zaidi ya hiyo ya kungoja mfupa ukaze. Nati hukazwa na mgonjwa mwenyewe kwa spana namba 10, ileile aliyoizoea fundi pikipiki. Matundu ya nyaya husafishwa kama ilivyoelekezwa, na sigara huachwa kabisa, kwani hukawiza mfupa kuunga.

Dawa za baada ya upasuaji kwa mtu mzima huwa wiki sita hivi, na kifua kikuu cha mifupa huenda miezi 6 hadi 12. Lazima iwe sindano? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa ndiyo. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uitwao OVIVA, wagonjwa 1,054, wengi wao wakiwa wameshapasuliwa: nusu walipewa dawa za mshipa kwa wiki sita, nusu za kumeza. Baada ya mwaka, tiba ilishindwa kwa asilimia 14.6 ya wa sindano na asilimia 13.2 ya wa vidonge. Kwa hiyo vidonge si tiba ya maskini, alimradi vimechaguliwa kwa majibu ya sampuli na vinamezwa bila kuruka. Siprofloksasini isimezwe pamoja na maziwa wala dawa za kiungulia. Hunasa humo isiingie mwilini. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, usitishike. Lakini isitumike peke yake hata siku moja, maana bakteria huizoea upesi, na kwa kuwa ndiyo dawa ya kifua kikuu, ugonjwa huo utafutwe kwanza kabla ya kuianza.

Tundu lililotoa usaha miaka mingi, likabadilika tabia, lina onyo lake. Likianza kuvuja damu, kunuka kuliko zamani, kuuma zaidi, au kuota nyama kingoni mithili ya koliflawa, linaweza kuwa limegeuka saratani ya ngozi. Hapo kikatwe kipande kipimwe, bila kujaribu marhamu nyingine.

Ukipona, usitoweke. Ugonjwa huu unaweza kurudi baada ya miaka, na atakayekuona wakati huo huenda akawa daktari mwingine, mji mwingine. Omba uandikiwe jina la bakteria aliyeota, dawa iliyomuweza, tarehe za upasuaji na aina ya chuma kilichobaki ndani. Ipige picha karatasi hiyo kwa simu. Picha za eksirei zihifadhiwe bapa, pakavu, tangu ya kwanza, kwa sababu thamani yake iko katika kulinganishwa. Nyumba moja niliikuta picha ya mguu wa baba imeziba kioo cha dirisha kilichovunjika, jua limekwishaifuta nusu. Na kikitoka kipande cha mfupa, kiwekwe kwenye kiberiti, uje nacho.