Ndege ya Jeshi Hupakiwa kwa Hesabu: Mwongozo kwa Vijana wa Kigoma

Ndege za kwanza za kivita kuonekana juu ya Kigoma hazikufika Ziwa Tanganyika kwa kuruka. Zilikuwa ndege za kutua majini za Wabelgiji, zilizotengenezwa Uingereza, na mwaka 1916 zilifikishwa upande wa Kongo zikiwa vipande vipande, kwa meli, kwa treni na kwa nguvu za watu. Zikaungwa ufukweni, na Juni mwaka huo zikaidondoshea mabomu bandari ya Kigoma, zikiilenga meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Meli hiyo nayo ilikuja hivyo hivyo: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafumuliwa, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kumalizia safari kwa reli. Ndiyo Liemba yetu.

Wanaokumbukwa katika visa hivyo ni marubani na manahodha. Aliyehesabu makasha, akajua lipi linatangulia na lipi lina kioo ndani, hakumbukwi. Makala hii ni ya huyo wa pili. Imeandikwa kwa kijana wa Kigoma anayetaka kuingia Jeshi la Anga, hasa upande wa usafirishaji, na kwa mzazi anayeulizwa, "Baba, nikasomee nini?"

Kazi yenyewe

Usafirishaji wa anga wa kijeshi una mizigo mikuu minne: askari, shehena, majeruhi na misaada ya maafa. Hauna uhuru wa ndege ya abiria wa kuchagua uwanja mzuri na saa nzuri. Huenda mahali ambapo barabara imekatika au imefungwa na adui.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, na kikosi cha anga kilianza na kazi hii hii ya kubeba. Wajerumani Magharibi walianza kusaidia, wakajitoa mapema mwaka 1965 kwa mzozo wa kisiasa, na nafasi yao ikachukuliwa na Kanada. Kanada ilifundisha marubani na mafundi wetu, na kati ya ndege za kipindi hicho ilikuwamo Caribou, inayoweza kubeba askari 32 na kutua kwenye kiwanja kifupi cha udongo. Baadaye China ikawa mshirika mkuu, na ndege za mizigo za Kichina kama Y-12 na Y-8 zikaingia jeshini. Leo Jeshi la Anga ni mojawapo ya kamandi za JWTZ, pamoja na Nchi Kavu na Majini.

Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda, vilionyesha upande wa hatari wa kazi hii. Aprili 1979, majeshi ya Tanzania yalipouteka uwanja wa Entebbe, ndege ya mizigo aina ya C-130 ya Libya, mshirika wa Uganda, ilipigwa ikijaribu kuondoka. Ndege kubwa iliyo chini, milango wazi na tangi limejaa, ni windo rahisi. Ndiyo maana wapakiaji wa kijeshi hufundishwa kufanya kazi kwa kasi, gizani ikibidi, na bila kukosea.

Anzia Kibirizi

Ukitaka kuielewa kazi hii, nenda Kibirizi asubuhi ukaangalie maboti yanavyopakiwa. Mpakiaji mzoefu hatupi magunia yote nyuma. Huyagawa, akaangalia boti inavyokaa majini, akahamisha mawili matatu mbele, ndipo abiria wakaingia. Babu zake waliopakia misafara ya Ujiji walijua vilevile kwamba mpagazi hubeba takribani frasila mbili, kama kilo 32, na ukimzidishia atakuangukia njiani.

Ndege ina sheria hizo hizo mbili: uzito usizidi, na uzito ukae mahali pake. Tofauti ni kwamba boti iliyoinamia nyuma utaiona kwa macho. Ndege iliyopakiwa vibaya itaonekana nzima mpaka iinue pua, na hapo hakuna tena nafasi ya kuhamisha gunia.

Tuchukue ndege ya mfano. Uzito wa juu inaoruhusiwa kuruka nao ni kilo 5,000. Yenyewe tupu, pamoja na wahudumu wake, ina kilo 3,100. Mafuta ya ndege yana uzito wa takribani kilo 0.8 kwa lita, kwa hiyo lita 1,000 ni kilo 800. Jumla hadi hapo ni 3,900. Zimebaki kilo 1,100 za mzigo, yaani magunia 22 ya unga ya kilo 50.

Sasa ukiambiwa kwamba unakokwenda hakuna mafuta, itabidi ubebe na ya kurudia, tuseme jumla lita 1,500. Hizo ni kilo 1,200. Mzigo unashuka hadi kilo 700, magunia 14. Magunia manane yamebaki uwanjani bila mtu yeyote kuyaiba. Kamanda asiyejua hesabu hii atawaahidi wananchi magunia 22, kisha atalaumu marubani.

Sheria ya pili ni ya mizani. Kila uzito, ukiwamo wa ndege yenyewe na wa mafuta, huzidishwa kwa umbali wake kutoka alama maalumu kwenye ndege, majibu hujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa uzito wote. Jibu ni kitovu cha uzito, na lazima kiangukie ndani ya mipaka iliyowekwa na mtengenezaji. Hapo hakuna elimu zaidi ya kuzidisha, kujumlisha na kugawanya. Kinachotakiwa ni mtu asiyekisia.

Baada ya hesabu huja kamba. Mzigo hufungwa kwa nyavu, mikanda na minyororo, kwa sababu gunia lililolegea huhamia nyuma ndege inapopaa na kuiharibu hesabu yote. Mitungi ya gesi, betri, risasi na dawa za kuulia wadudu zina kanuni zake za kutenganishwa. Anayeficha jiko la gesi kwenye begi anacheza na roho za wenzake.

Hewa ya Kigoma

Uwanja wa ndege wa Kigoma uko takribani mita 820 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko mita 773. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi, na joto huuzidisha wepesi huo. Hewa nyepesi hulipa bawa nguvu ndogo na injini pumzi ndogo, kwa hiyo ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili ipae. Ndege iliyotoka Dar es Salaam na mzigo fulani huenda isiweze kuondoka Kigoma saa nane mchana na mzigo ule ule. Mpangaji mwerevu ataondoka alfajiri, au atapunguza mzigo.

Ongeza milima. Mahale, kusini mwa mkoa, inafika mita 2,462, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo imesimama kama ukuta. Masika huja na radi za mchana. Kiangazi huja na moshi wa mashamba na misitu inayochomwa, unaoweza kulificha ziwa lote. Kijana aliyekulia Gungu au Katonga anayajua haya kabla hajafika darasa la hali ya hewa, na hiyo ni faida.

Nyuma ya rubani

Kwa rubani mmoja kuna kundi zima la watu ardhini na ndani ya ndege:

- Msimamizi wa shehena, anayekokotoa uzito, kupanga mzigo na kusimamia askari wa miamvuli wanaporuka.
- Fundi wa ndege, wa injini, wa bodi, au wa umeme na vyombo vya mawasiliano. Sahihi yake ndiyo inayoiruhusu ndege kuruka.
- Mwongoza ndege na mtaalamu wa hali ya hewa.
- Zimamoto na uokoaji.
- Mgavi wa mafuta na vipuri.
- Mganga au muuguzi wa anga.

Huyo wa mwisho hazungumziwi sana, lakini Watanzania wana sababu ya kumjua. Tarehe 7 Desemba 2017, waasi walishambulia kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, wilaya ya Beni, mashariki mwa Kongo. Askari 15 wa Tanzania waliuawa na makumi walijeruhiwa. Majeruhi walitolewa kwa ndege kupelekwa hospitali za mbali.

Kumbeba majeruhi hewani si kumlaza tu. Hata ndani ya ndege ya abiria iliyokazwa hewa, shinikizo hulingana na la kileleni mwa mlima wa hadi mita 2,400 hivi. Hewa iliyonaswa mwilini hutanuka. Mwenye jeraha la kifua lenye hewa iliyovuja anaweza kufa kwa safari ambayo kwa mzima ni ya kawaida, kwa hiyo mganga lazima aishughulikie hewa hiyo kwanza, au amwombe rubani aruke chini zaidi. Ombi hilo huongeza matumizi ya mafuta, na hesabu yetu ya magunia inaanza upya.

Jinsi ya kuingia

Nafasi za JWTZ hutangazwa na jeshi lenyewe. Kila tangazo hutaja umri na elimu inayotakiwa, na viwango hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka huo, usitegemee la kaka yako. Mambo ya msingi hayabadiliki sana: uraia wa Tanzania, afya njema, mwenendo mwema bila rekodi ya jinai, na vyeti halisi vya kuzaliwa na vya shule.

Mara nyingi huhitajika pia cheti cha mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na mkoa wetu una kambi zake: Bulombora, Mtabila na Kanembwa. Maombi ya vijana wa kujitolea hupitia ofisi za wilaya na mkoa. Anza na mtendaji wa kijiji au mtaa wako.

Jeshi haliuzi nafasi. Anayekupigia simu akitaka "hela ya fomu" au "ya mkubwa" ni tapeli. Usitume hata shilingi, mripoti polisi.

Shuleni, shika Hisabati, Fizikia, Jiografia na Kiingereza. Kiingereza ndiyo lugha ya miongozo ya ndege, na marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa hupimwa kwayo. Usikidharau pia ulichozaliwa nacho: mwenye Kiha huelewana na Mrundi, na akiongeza Kifaransa atafaa sana katika operesheni za Kongo. Ukikosa jeshi, elimu haipotei. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, hufundisha ufundi wa ndege, na chuo cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, Dar es Salaam, hufundisha waongoza ndege.

Kusoma hakuishi

Jeshi la Anga la Tanzania hutumia vyeo vile vile vya nchi kavu. Askari hupanda kuwa Koplo, Sajini, Sajini Taji, hadi Afisa Mteule. Afisa huanzia Luteni Usu. Maafisa hufunzwa Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, ambacho sasa hutoa hata shahada ya sayansi ya kijeshi. Wakifikia ngazi ya kati huenda Chuo cha Ukamanda na Unadhimu, Duluti. Wachache wa juu hufika Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi, kilichofunguliwa mwaka 2012, ambako hukaa darasa moja na viongozi wa kiraia.

Lakini cheo ni nusu ya maendeleo. Nusu ya pili ni ujuzi wa fani, na huo hulindwa kwa mazoea manne:

1. Weka kumbukumbu. Saa za kuruka, injini ulizofungua, safari ulizopakia: ziandike na zipate sahihi. Siku ukistaafu, leseni ya kiraia haitolewi kwa sifa za mdomo. Mamlaka itataka ushahidi na mitihani.
2. Kaeni kitako baada ya kila safari. Nini kilipangwa, nini kilitokea, nini kibadilike? Katika kikao hicho Koplo aseme alichoona, na Meja asikilize.
3. Ripoti kosa lako kabla halijamkuta mwingine. Fundi aliyesahau bisibisi ndani ya injini akasema, ameokoa ndege. Aliyenyamaza kwa kuogopa adhabu ameitega.
4. Fundisha. Ukiweza kumweleza kuruta kitovu cha uzito akaelewa, umekielewa mwenyewe.

Helikopta ikitua kijijini

Si lazima uwe askari ili kazi hii ikuguse. Mwaka 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipokwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kilizuka, na Liemba ndiyo iliyowavusha kwa mafungu hadi Kigoma. Siku nyingine helikopta inaweza kutoka juu. Ikija, fanya haya:

- Tafuta uwanja tambarare usio na nyaya za umeme wala miti. Ondoa mabati, maturubai na khanga zilizoanikwa, kwa maana upepo wa pangaboi huvirusha.
- Shika watoto na funga mifugo.
- Usiisogelee mpaka mhudumu akuite. Njoo kutoka mbele, rubani akuone. Usipite nyuma kamwe: panga la mkia likizunguka halionekani.
- Inama, vua kofia, usinyanyue jembe wala mti juu ya kichwa. Kwenye mteremko, usiikaribie ukitokea upande wa juu.
- Usipige picha bila ruhusa.
- Ukiulizwa wagonjwa ni wangapi na wana kilo ngapi, sema kweli.

Hilo la mwisho watu hulipuuza. Hutaja watu wanne wakatokea saba, wakidhani wanamsaidia jirani. Rubani akifika na mafuta ya watu wanne, watatu watabaki, na kuwachagua itakuwa kazi yako. Kwa hiyo, mwenyekiti wa kijiji, hesabu watu wako mapema na uandike majina na uzito. Nawe kijana unayeingoja ajira, kaa karibu naye umsaidie kuandika. Kazi ya usafirishaji wa anga unaweza kuianza hapo, kabla ya sare.