Mwili Unaokazana Nyuma ya Miale

Somo kwa mama waliotibiwa kansere

Mama, somo hili ni lako wewe uliyetibiwa kansere ya ziwa ao ya mulango wa kizazi kwa miale ya mashine. Ni la dada yako na binti yako vilevile, juu wao ndio watakaokusaidia nyumbani. Watu wengi wanaita matibabu haya «kuchomwa na mashine». Si ile radio wanayopiga kwa kutazama mufupa uliovunjika. Miale hii ina nguvu kupita ile mara nyingi sana, na inaelekezwa pahali pamoja tu pa mwili, siku 5 kwa juma, mara nyingi kwa majuma 3 mpaka 5 ao zaidi, ili iue chembe za kansere.

Katika inchi yetu mashine hizo ni chache sana. Mama wa Kivu na Ituri wamesafirishwa mpaka Kampala ao Kigali, na wa Katanga wamevuka mupaka kwenda Lusaka. Ni jambo la ajabu kidogo, kwa maana mawe ya Shinkolobwe, kule Katanga, ndiyo yaliyopelekwa Ubelgiji, na tangu 1922 yakatolewa ndani yake radiumu iliyotumiwa kutibu kansere katika hospitali za Ulaya. Lakini tuendelee.

Mama anakwenda mbali, anamaliza matibabu, anarudi na karatasi moja mukononi. Kansere imetulia. Anashukuru. Kiisha miezi inapita, na siku moja anataka kufunga kikwembe kichwani, mukono haupandi. Ngozi ya kifua imekuwa ngumu kama ngozi ya ngoma. Kwapa linavuta. Usiku bega linauma. Hapo hofu inaingia nyumbani.

Juu ya nini mwili unakazana?

Mambo mawili yanafuata miale, na inafaa kuyatofautisha. La kwanza linakuja upesi: katika majuma ya matibabu ngozi inakuwa nyekundu ao nyeusi zaidi, inawasha, pengine inachubuka. Hilo linapona, mara nyingi kwa majuma 2 mpaka 4 nyuma ya siku ya mwisho.

La pili linakuja pole pole, nyuma ya miezi 3, miezi 6, mwaka mumoja, hata miaka mingi. Ndani ya mwili kuna chembe zenye kazi ya kuziba pahali palipoumia. Zinatengeneza nyuzi za kovu, sawa vile unavyoona kovu gumu pahali ulipojikata na kisu. Miale inaamsha chembe hizo, na zingine hazijui kuacha kazi. Zinaendelea kufuma nyuzi chini ya ngozi, katika nyama, kando ya mishipa. Mishipa midogo ya damu nayo inapungua. Basi pahali pale panakosa ulaini. Kama mutu hapanyooshi, nyuzi zinashikamana katika ufupi ule ule, na kesho kunakuwa vigumu kuliko leo.

Kwa hiyo mukono unaokazana si alama ya kwamba kansere imerudi. Si sumu ya jirani, si mukono wa muzimu. Tunasema hivi wazi kwa sababu tumeona mama waliochanjwa chale juu ya kifua kilichopita katika miale, ao kukandwa na jiwe la moto. Ngozi ile haiponi upesi kama ngozi nyingine. Chale ndogo inaweza kuwa kidonda cha miezi mingi. Na mara nyingi ngozi ile haisikii joto vizuri: jiwe linachoma, mama hasikii mpaka malengelenge yatoke. Maji ya vuguvugu yanatosha. Mujaribu kwanza kwa mukono ule muzima.

Neno lingine wanaloficha kuuliza: miale iliyotoka kwa mashine haibaki mwilini. Ukirudi nyumbani unaweza kupakata mutoto, kulala na bwana yako, kula katika sahani moja. Na kama una mutoto wa kunyonya? Ziwa lililopigwa miale mara nyingi linatoa maziwa kidogo sana ao halitoi. Ziwa la upande mwingine linaweza kumunyonyesha, isipokuwa kama unatumia bado dawa za kansere, za sindano ao za vidonge. Hapo lazima munganga akuambie kwanza.

Kunyoosha mukono

Hii ndiyo dawa kubwa, na haiuzwi katika famasi. Kidonda cha operesheni kikiisha kufunga, anza. Wakati wa miale yenyewe usiache, fanya kwa upole tu. Mara 2 ao 3 kwa siku, dakika 10 kila mara, ni bora kuliko saa nzima siku moja ya juma. Mwili huu unasahau upesi.

Simama mbele ya ukuta, uso ukiuelekea. Weka vidole vya mukono unaouma juu ya ukuta, vitembee kwenda juu sawa buibui. Vikifika pale unaposikia mwili unavuta, simamisha hapo, pumua pole pole, hesabu mpaka 20 ao 30. Kuvutwa ni vizuri. Kuchomwa kama kisu si vizuri, shusha kidogo. Rudia mara 5. Chukua kipande cha kaa, piga alama kwa ukuta pale vidole vilipofika. Kila juma mosi tazama alama. Mama wengi wanakata tamaa kwa sababu hawaoni mabadiliko, kumbe alama imepanda urefu wa kidole kwa mwezi. Na kama alama inashuka, hiyo vilevile ni habari, uje utuambie.

Kiisha lala chali juu ya mukeka. Shika fimbo, ile ya ufagio inafaa, kwa mikono miwili, uipandishe pole pole kupita juu ya kichwa. Mukono muzima unasaidia ule unaouma, sawa dada mukubwa anayemushika mudogo mukono. Mwishoni, ukilala vile vile, weka mikono nyuma ya kichwa na uache viwiko vianguke pande zote mbili kuelekea mukeka. Hapo utasikia kifua kinafunguka. Zungusha mabega nyuma mara 10. Mama aliyeogopa maumivu anakunja kifua mbele, anainama sawa bibi kizee, na mugongo nao unaanza kuuma. Kaa wima.

Nyuma ya miezi mingapi utaacha? Tunasema miaka 2 bila kukosa, na kiisha uendelee maisha yote, hata kama ni mara chache kwa juma. Najua ni neno zito kwa mama mwenye shamba na watoto 6. Lakini unaweza kutembeza vidole ukutani wakati sombe linachemuka.

Kukanda

Ngozi ikiisha kupona kabisa, bila kidonda wala kuchubuka, kovu linaweza kukandwa. Nawa mikono. Tia mafuta kidogo yasiyo na harufu: vaselini, mafuta ya nazi, hata mawese safi kama hujali kikwembe kupata rangi. Weka vidole viwili juu ya pahali pagumu, na usisugue ngozi juu juu. Sogeza ngozi yenyewe juu ya nyama, kwenda na kurudi, kiisha kwa kuzunguka. Dakika 5 mpaka 10 kwa siku zinatosha. Mafuta ya kuchua yenye pilipili, ya mentoli, na dawa za kufanya ngozi iwe nyeupe zikae mbali na pahali pale. Jua la saa sita nalo si rafiki. Funika kifua na shingo.

Muzigo, shamba, na mukono unaovimba

Kama kwapa lilipasuliwa ao kupigwa miale, njia za maji ya mwili zimepungua pale. Maji yanaweza kubaki katika mukono, na mukono ukavimba: pete inabana, saa ya mukono haifungi. Ukiona hivyo, njoo mapema. Uvimbe wa juma la kwanza unashuka vizuri kuliko uvimbe wa mwaka. Ukikaa ao kulala, pandisha mukono juu ya muto kupita usawa wa moyo. Fumba na kufumbua ngumi mara nyingi kwa siku.

Zamani waliambia mama wasibebe kitu chochote tena. Leo inajulikana kwamba mukono usiofanya kazi unaharibika zaidi. Fanya kazi, lakini panda ngazi pole pole. Bidoni la litre 20 ni kilo 20, usianze na hilo. Anza na la litre 5 kwa majuma machache, kiisha 10, na mukono ukivimba rudi chini. Fundo la kikwembe cha kubebea mutoto liwe juu ya bega zima. Katika shamba linda mukono huo na miiba na jembe, vaa mikono mirefu, na jeraha dogo lolote lisafishwe na sabuni siku ile ile. Kama unapigwa sindano ao kupimwa damu, toa mukono mwingine kama unaweza.

Maumivu

Kuna maumivu ya kuvuta, na kwa hayo kunyoosha kunasaidia kuliko kidonge. Unaweza kumeza parasetamoli nusu saa mbele ya mazoezi ili uweze kuyafanya: vidonge 2 vya miligramu 500, usirudie mbele ya masaa 6, wala usipite vidonge 8 kwa siku nzima. Mama asiyefika kilo 50, ao mwenye ugonjwa wa maini, apewe kidogo zaidi, aulize kwanza. Ibuprofeni inamezwa pamoja na chakula, na si kwa mwenye kidonda cha tumbo, mwenye figo mbaya ao mwenye mimba.

Kuna maumivu mengine: kuwaka moto, kutambaa kama siafu, kupigwa kama umeme. Hayo ni ya mishipa ya fahamu iliyobanwa na kovu ao kuumizwa na miale. Parasetamoli haiyawezi sana. Sema hivyo hivyo kwa munganga, «yanawaka, yanatambaa», kwa maana kuna dawa nyingine, kama amitriptilini kidogo usiku. Na akikuandikia morfini ya kunywa kwa maumivu makali, usiikatae juu ya jina lake tu. Inafunga choo, basi omba dawa ya choo pamoja nayo.

Mama aliyetibiwa mulango wa kizazi

Tuseme sasa kile ambacho karatasi ya hospitali haisemi, na mama anaona haya kuuliza. Miale ya tumbo la chini inafanya njia ya uke ikauke, ikazane, iwe fupi, pengine kuta zake zishikamane. Damu ya mwezi inakoma. Kulala na bwana kunauma, mama anakataa, bwana anafikiri amechukiwa. Nyumba zimevunjika kwa jambo hili ambalo lina musaada.

Njia inafunguliwa pole pole kwa kifaa laini cha plastiki chenye mufano wa kidole, ambacho kuna saizi nyingi. Kama hakuna, kidole chako mwenyewe katika gan safi kinafaa. Anza majuma 2 mpaka 8 nyuma ya kumaliza, munganga akiisha kukutazama. Tia mafuta ya maji, yale ya famasi. Lala chali, magoti yakiwa yamekunjwa, pumua, ingiza bila kusukuma kwa nguvu, acha dakika 5 mpaka 10. Mara 2 ao 3 kwa juma. Matone machache ya damu si hatari. Kulala na bwana yako kwa upole kunasaidia vilevile, na hakumupi kansere wala miale. Kama munatumia kapoti, mafuta ya kupikia na vaselini yanaipasua.

Usitie kijiti, wala majani, wala zile dawa za kukausha zinazouzwa sokoni kwa siri. Njia hii imekauka tayari. Hata mujane anapaswa kufanya hivi, maana njia ikifunga, munganga hawezi tena kutazama ndani kama kansere inarudi.

Waliopigwa miale ya shingo na taya: fungua kinywa mara nyingi kwa siku. Vidole 3 vilivyosimamishwa viingie kati ya meno. Vikiingia 2 tu, njoo. Na usikubali kung'olewa jino bila kusema kwanza kwamba ulipata miale pale, kwa maana mufupa wa taya hauponi vizuri.

Usingoje siku ya kiliniki

Njoo siku ile ile kama mukono ni mwekundu, una joto na una homa. Hiyo ni microbe, inahitaji antibiotiki. Njoo vilevile kwa damu nyingi ya chini, damu katika mukojo ao choo, kukosa pumzi, maumivu ya mufupa yanayozidi usiku, kivimbe kipya, kidonda kisichofunga kwa majuma 2, ao mukono unaopoteza nguvu na kuangusha kikombe. Mingi ya mambo haya si kansere, lakini ni lazima mutu atazame.

Ukija, vaa blauzi yenye vifungo mbele, leta karatasi uliyopewa kule kwa miale, na uje na yule anayekukanda nyumbani, ili infirmiye amuonyeshe namna ya kuweka vidole.