Kioo Kinachoziba Jino Bovu

Ukisikia "mganga wa meno" unafikiria nini? Wengi wetu tunafikiria koleo. Jino linauma, twende likang'olewe, basi. Tunasahau kwamba kabla ya kuuma, jino lile lilikuwa na tundu dogo. Tundu dogo huzibwa.

Vijidudu vya mdomoni hula sukari inayobaki kwenye meno, kisha hutoa tindikali. Tindikali hiyo huyeyusha gamba gumu la jino kidogo kidogo. Hapo ndipo tundu linapoanza.

Zamani kuziba jino kulihitaji mashine ya umeme. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa kwetu Tanzania, wataalamu wa meno wa Dar es Salaam walianza njia nyingine. Walikwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono tu, kisha wakaziba. Baadaye njia hiyo ilifika Thailand na Zimbabwe. Kwa hiyo hata kijiji cha Chunya au Kilolo kisicho na umeme kinaweza kupata huduma hiyo.

Siku hizi tundu huzibwa kwa unga wa kioo. Si kioo cha chupa, jamani! Usisage chupa ukajiziba, utaumia. Kioo hiki hutengenezwa kiwandani, na ndani yake mna madini ya floridi. Kilivumbuliwa Uingereza. Tabibu huchanganya unga huo na tindikali maalumu mpaka uwe kama ugali laini. Hufanya haraka, maana baada ya dakika chache hukauka kama saruji. Haukai tunduni kama kokoto tu. Hushikana na jino lenyewe, tena hutoa floridi polepole, nayo huimarisha jino. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Ukishazibwa, usitafune chochote kwa saa moja.

Lakini kama hulali usiku kwa maumivu, au ufizi umetunga usaha, unga huu peke yake hautakusaidia. Umechelewa.

Wanaocheleweshwa zaidi ni watoto. Mtoto wa miaka 6 hivi huota gego nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Wazazi hudhani gego hilo nalo ni la utoto, litang'oka. Haling'oki, ni la maisha. Leo jioni mwambie mwanao apanue mdomo, umtazame huko nyuma. Ukiona doa jeusi au tundu, mpeleke hospitali ya wilaya hata kama halii.

Swali la kujadili kikundini: kwa nini jino lisilouma lipelekwe kwa tabibu?